Ng'ombe wa Rangi Gani

Selestini alianza kupiga ramli mwaka 2005, akiwa kwenye kompyuta namba nne, katika kafe ya intaneti ya Mama Generoza pale Binza, Maswa. Kabla ya hapo alikuwa karani wa chama cha ushirika. Biashara ya pamba ilipofunguliwa na kila mwenye lori akawa mnunuzi, chama kikafa polepole kama mgonjwa asiye na ndugu. Selestini akaenda Mwanza kusoma kompyuta miezi mitatu. Alirudi na cheti, miwani na mizimu.

Wateja wengi wa kafe walikuwa wafugaji na wakulima wasio na barua pepe zao. Watoto wao waliwaandikia kupitia anwani ya kafe. Kila asubuhi Violeth, mhudumu, alivuta barua zote kwenye kompyuta namba moja, akazichapisha na kuzifunga kwenye bahasha. Lakini mwenye barua alipofika, Selestini alimdaka mlangoni, akafumba macho na kumwambia yaliyomo. Alilipwa kuku.

Waliomwamini hawakuwa na neno na Violeth. Aliyekuwa na neno ni Mama Generoza, mwenyekiti wa kwaya, ambaye haamini ramli hata kidogo. Kwa kuwa mizimu haipo, alisema, basi ni Violeth anayetoa siri. Akamnyang'anya ufunguo wa kafe.

"Jumamosi ikifika kabla hujaniambia ukweli, dada, utafute kazi kwingine."

Violeth hakulia. Alizidi kupaka gundi kwenye bahasha, na hilo liliniuma kuliko machozi. Mimi, Mhoja, fundi wa kafe, nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne iliyopita na bado niliamini kwamba elimu ni ya kumtetea mtu.

Nikachunguza mtandao. Kompyuta zote sita ziliunganishwa na kisanduku cha kebo, yaani swichi. Namba moja ikitaka barua, huuliza kwa sauti: mashine ya dishi, inayotuletea intaneti, ni nani? Namba nne ilikuwa ikijibu kila sekunde: ni mimi. Nayo inaaminiwa. Barua zikapitia kwa Selestini, akazisoma, kisha akaziachia ziende.

"Yaani hizi mashine haziulizi hata huyu ni mtoto wa nani?" Mama Generoza alishangaa.

"Haziulizi, mama."

"Ndiyo mlichosomea miaka minne? Kutengeneza vitu visivyo na adabu?"

Ila swichi ile, iliyoachwa na mradi mmoja wa visima uliochimba vikao vingi, ilikuwa na akili kuliko wenyewe walivyojua. Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua, niliiandikia orodha: kila tundu, mashine yake na anwani yake. Atakayejitangaza kwa anwani ya mwingine, tangazo lake litupwe. Kisha nikabadilisha neno la siri la barua. Sasa akijua tena yaliyomo, Mama Generoza alisema, basi ni Violeth.

Selestini akaja, akaketi namba nne. Violeth akavuta barua. Niliona miwani ile ikisogea karibu na kioo, halafu karibu zaidi; barua haikupita kwake.

Mzee Luhende akafika kutoka Mwamapalala kwa baiskeli. Mama Generoza akaishika bahasha yake juu.

"Haya, mtaalamu. Tuambie."

Selestini akafumba macho.

"Naona ng'ombe," akasema.

Watu wakaguna kwa heshima. Violeth, aliyeichapisha barua ile, akainamisha kichwa, nikajua kwamba Selestini amepatia. Moyo wangu ukashuka. Nani wa Mwamapalala anaandikiwa barua isiyo na ng'ombe? Miaka minne ya chuo, na nilikuwa karibu kushindwa na kubahatisha.

Mama Generoza akamgeukia Violeth. "Unaona?"

"Mama, subiri." Violeth akamtazama Selestini. "Wa rangi gani?"

Huku kwetu hakuna anayeandika ng'ombe tu, kama vile hakuna anayeandika mtu tu.

"Mweupe," Selestini akasema.

Mzee Luhende akacheka mpaka akashika meza. "Mweupe? Mimi sijafuga ng'ombe mweupe tangu baba yangu afe. Mwanangu leo kaandika ng'ombe wa nani?"

Akaichukua bahasha kwa Mama Generoza, akampa Violeth amsomee. Bujiku, mwanawe, alikuwa amepata mchumba Dodoma. Alimwomba baba atoe mahari yoyote, ila amwachie yule ng'ombe mwekundu mwenye baka usoni.

"Mizimu leo imekwenda Shinyanga," Selestini akajitetea.

"Basi ifuate," mzee akasema. "Na kuku niliyekulipa mara ile mrudishe."

Mama Generoza hakuomba radhi. Mwenyekiti wa kwaya haombi radhi mbele ya wateja. Alitoa ufunguo kifuani, akausukuma mezani hadi mbele ya Violeth, kisha akanifokea mimi kwa kuchelewa kutengeneza kisanduku.

Violeth akauweka ufunguo mfukoni, akatazama saa ya ukutani.

"Namba nne," akasema, "dakika zako zimekwisha."