Kitanda cha Mwenzako

Tangu agizo jipya litoke, wodi ya upasuaji ya wanawake ilikuwa kimya, na ukimya ule haukumpa raha msimamizi wake. Zamani ungeisikia tangu ngazini: wauguzi wakitaniana, huyu akimpokea mwenzake trei, yule akimgeuza mgonjwa asiye wake. Wakubwa wa hospitali waliita hiyo fujo. Wakapunguza wauguzi, kila aliyebaki akagawiwa vitanda vyake, na atakayekutwa kwenye kitanda cha mwenzake apewe onyo. La pili, afungashe virago.

Msimamizi hakulipenda agizo hilo, lakini alilelewa kutii. Wiki iliyopita muuguzi mmoja, aliyebandikwa jina la Cheche kwa ulimi wake usiotulia, alikimbia kumwinua mgonjwa wa mwenzake aliyekuwa akitapika. Msimamizi akamkemea mbele ya wodi nzima.

"Hicho ni kitanda chako?"

"Siyo, Mama, ila angepaliwa…"

"Nimekuuliza, ni chako?"

"Siyo."

Akampa onyo. Tangu hapo Cheche hakutania tena.

Leo mdogo wake msimamizi, kitinda mimba wa mama yao, alilazwa karibu na dirisha baada ya kupasuliwa asubuhi.

"Dada, wauguzi wako wamefiwa?" alinong'ona. "Hata salamu wanaitoa kama wanatozwa kodi."

"Hebu lala, wewe. Domo hilo ndilo walilosahau kulishona."

Msimamizi akaenda kikaoni, akazima simu. Huko wakubwa walimsifu: wodi yake ilikuwa ya mfano kwa utulivu.

Aliporudi, moyo ulimlipuka akiwa bado mlangoni. Muuguzi wa kitanda kile alikuwa ametumwa maabara. Mdogo wake alikuwa amejikunja, midomo imepauka, na shuka limelowa damu. Kando yake tu, Cheche alikuwa akitandika kitanda kilichokwisha kutandikwa.

"Cheche! Hukuona?"

"Nimeona, Mama. Nimempigia mwenye kitanda, hapokei. Nimekupigia wewe, simu imezimwa." Machozi yakamtoka. "Nina watoto, Mama. Na kitanda si changu."

Msimamizi akakandamiza kidonda kwa viganja vyote viwili. "Leteni machela! Mwiteni daktari!"

Wodi nzima ilimsikia. Wauguzi walisimama, kila mmoja penye vitanda vyake, wakamtazama yeye, kisha wakautazama mlango, wasije wakubwa wakaingia.

"Njooni! Nawaamuru mimi!"

Hapo ndipo walipokuja, Cheche akiwa wa kwanza. Machela ikapita ukumbini mbio hadi chumba cha upasuaji, na vidole vya mdogo wake vikateleza, baridi, kutoka mkononi mwake.

Muda si mrefu daktari alichungulia, barakoa ikining'inia shingoni. Hakumtazama usoni.

"Amepoteza damu nyingi mno. Siwezi kukuahidi kitu, Sista. Mlikuwa wapi?"

Msimamizi aligeuka. Ukumbi ulikuwa mtupu; wauguzi walikuwa wamekwisha kurudi wodini, kila mmoja penye vitanda vyake.

"Tulikuwepo," akajibu.