Mbuzi Aliyepiga Honi

Mteja akikwambia, "Mimi mambo ya kompyuta siyajui, mtaalamu ni wewe," funga mkoba uondoke. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo kila kitu atachagua yeye. Mimi sikuondoka, kwa sababu mteja mwenyewe alikuwa shemeji yangu, na kazi zangu zote nilikuwa nazifanyia kwenye meza yake ya kulia chakula.

Shemeji huyu, mume wa dada yangu, ni mkurugenzi wa chuo cha udereva. Hicho cheo kajipa mwenyewe. Chuo ni vyumba viwili nyuma ya gereji, magari matatu yaliyochoka, na ukuta uliochorwa alama za barabarani na fundi ambaye bila shaka hajawahi kuvuka barabara. Walimu wake wanamwita Gia, maana hakuna jambo analoweza kulieleza bila kutaja gia. Ndoa ni gia. Kulea watoto ni gia. Siku ya posa alisimama mbele ya wazee wetu akasema ameingia na gia ya kwanza, taratibu. Ukoo mzima ulicheka, mimi nikatafuta mlango.

Lakini nilimhitaji. Mimi ni mbunifu wa tovuti wa kujitegemea, yaani natengeneza kurasa na vitufe kwa watu wasiojua wanachotaka mpaka wakione kwa jirani. Kulikuwa na studio moja ambayo kila mbunifu mjini anaililia. Kiongozi wake nilikutana naye kwenye semina, akapitisha kidole juu ya michoro yangu kana kwamba anapangusa vumbi. "Michoro kila mtu anayo," alisema. "Niletee kazi moja iliyo hewani, inayotumiwa na watu wa kweli, yenye jina lako chini. Ukiwa nayo, kiti chako kipo."

Kazi moja tu, halafu ningeiaga ile meza ambayo kila sahani zikija kompyuta yangu inahamia juu ya friji na mimi nahamia kwenye ngazi. Kwa hiyo Gia alipotaka tovuti ya chuo, niliruka kama aliyeitwa mbinguni.

Sasa, katika kazi yetu kuna ujanja ambao wateja hatuwaambii. Usimpelekee mteja mchoro mmoja, atauchokonoa mpaka ufe. Mpelekee mitatu: mmoja unaoupenda, mmoja usio na chumvi wala sukari, na mmoja mbaya wa makusudi. Huyo wa mwisho tunamwita mbuzi, kwa sababu kazi yake ni kuchinjwa. Mteja anamchinja, anajiona ana jicho kali, kisha kwa furaha yake anachagua ule ule uliomchagulia.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mzuri, na sioni haya kusema. Ukurasa mweupe, herufi nyembamba, na mstari mmoja wa barabara ukishuka kutoka juu hadi chini, ukikata kona pale kwenye kitufe cha kujiandikisha. Niliuhangaikia mpaka dada akaniuliza kama ninaumwa.

Mbuzi nilimtengeneza mchana mmoja nikicheka peke yangu. Nilimpaka njano ya kuumiza macho. Nikaweka usukani unaozunguka bila kupumzika, namba ya simu kubwa kama sahani, na picha ya Gia amekunja mikono, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikamalizia na honi ya lori: ukibonyeza "Jiandikishe," inalia. Dada aliyekuwa akipanga vikombe alishtuka akavunja kimoja. "Hiki nacho ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni dharau, usijali, haitatoka humu ndani.

Nilimpelekea Gia yote mitatu ofisini kwake. Aliutazama mchoro mzuri muda mrefu, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Huu bado hujamaliza?"

"Nimemaliza, shemeji."

"Mbona pamebaki wazi hivi? Hapa unaweza kupaki basi."

Nikamwonyesha wa pili, akapiga mwayo. Kisha nikamfungulia mbuzi na kisu nikiwa nimeshakinoa. Gia akasogeza kiti. Akaiona picha yake. Akabonyeza kitufe, honi ikalia, na uani mwanafunzi aliyekuwa akirudi nyuma akakanyaga breki mpaka gari likazima.

"Njooni!" Gia akawaita walimu. "Njooni muone shemeji yangu!"

Wakaja wote na mikono yao ya grisi, wakabonyeza kwa zamu. Nilijaribu kueleza. Nilizungumza habari za utulivu wa jicho, za ukurasa kupumua. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akinijibu kwa honi.

"Shemeji," Gia alisema kwa upole wa mtu anayemwelekeza mwanafunzi mzito, "gari lisilo na honi litakupitisha wapi? Weka hii. Na jina lako chini liandike kubwa, watu wajue kwetu kuna kipaji."

Jioni, dada alisimama nyuma yangu mpaka nikaliandika. "Mwenzio anajivunia wewe," alisema, "na wewe unanuna."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema kwamba kibaya kikijitembeza kinafika mbali. Watu walifungua tovuti ile ili wasikie honi tu. Kinyozi wa mtaa aliiliza kila mteja alipoinuka kitini. Simu ya Gia haikutulia. Wengi walipiga kucheka, wengine wakiwa kwenye simu wakajiandikisha, na Gia akaanza kutembea kifua mbele kana kwamba honi kaivumbua yeye. Mimi nikawa Dada Honi. Hata muuza mboga aliniita hivyo, na nikaacha kununua kwake.

Kwenye studio nilikwenda na ule mchoro wangu mweupe, nikaomba Mungu kiongozi asiulize mengi. Sakafu ilikuwa nyeupe, kuta nyeupe, na vijana wameinamia skrini kimya kama wako msibani. Ukutani walikuwa wametundika kazi za waombaji wengine wa kile kiti. Ya kwanza ukurasa mweupe, herufi nyembamba, mstari mmoja wa mto. Ya pili nyeupe, nyembamba, mstari mmoja wa uzi wa cherehani. Nikamkabidhi kiongozi mchoro wangu wa mstari mmoja wa barabara.

"Hii haipo hewani," kiongozi alisema bila kukaa. Akaandika jina langu kwenye kompyuta yake. Njano ikajaa skrini, ikammulika usoni. Akabonyeza.

Honi ililia ndani ya msiba ule. Vijana wakanyanyua vichwa, wakaja mbio, wakabonyeza tena na tena, wakishikana mabega kwa kicheko. Kiongozi alivua miwani akajifuta machozi.

"Huyu mshamba wa miwani ya jua ni nani?"

Sentensi moja ingeniokoa. Ningesema, "Huyo alikuwa mbuzi, mteja akamng'ang'ania," na kila mtu mle ndani angeelewa; angenipa pole, angenipa na kiti. Nilifungua mdomo niiseme. Lakini nilikitambua kile kicheko. Kilikuwa changu, kilekile cha mezani kwa dada, na katika mdomo wa mtu mwingine kilinuka. Mimi kumdharau Gia ni haki yangu, nakula kwake. Hawa walikuwa wamekula kwa nani?

"Ni shemeji yangu," nilisema. "Na tovuti nimebuni mimi, kuanzia usukani hadi honi."

Kicheko kikazimika kama lile gari la uani. Kiongozi akavaa miwani yake, akanirudishia mchoro wangu kwa ncha za vidole. "Basi," alisema, "sidhani kama tunaona kwa jicho moja."

"Hatuoni," nikamjibu. Nikatazama mara ya mwisho zile kurasa nyeupe ukutani, zote mama mmoja, baba mmoja, na yangu mkononi ni mdogo wao wa mwisho. Nikaiacha mezani kwake ikae na ndugu zake.

Nilikuwa kwenye ngazi, nina hasira ya kutafuna msumari, simu ilipoita. Sauti ya mama mmoja, kuku wakipiga kelele nyuma yake.

"Wewe ndiye Dada Honi?"

Nikafumba macho. "Ndiyo, mama. Ndiye mimi."

"Mwanangu, mimi nafuga kuku. Na mimi nataka yangu. Mtu akibonyeza, jogoo awike."

Nilikaa chini, pale pale kwenye ngazi zao nyeupe, nikatoa kalamu. "Sawa, mama," nikasema kwa mazoea, "nitakuletea michoro mitatu uchague."

"Mitatu ya nini? Si nimeshakwambia jogoo?"

Nikaifungua kalamu.

"Basi nitaleta mmoja," nikasema. "Awike mara ngapi?"