Mwaka wa Konokono

Wenzake walipobaki darasani kukariri mifupa ya binadamu, Hyacinthe aliomba mwaka mmoja wa utafiti akashuka Rumonge, mji wa kando ya ziwa, kuchunguza kichocho cha tumbo. Shule ya udaktari ikampa hadubini na jozi ya mabuti ya mpira. Mabuti yenyewe yalikuwa makubwa hivi kwamba watu wa ufukweni waliapa kuku wa Mama Fatuma hutagia humo, huku Hyacinthe kayavaa.

Alipanga chumba kwa huyo Fatuma na mumewe Athumani, mwenye mtumbwi wa kusafirisha mawese. Kila siku aliokota konokono kwenye matete, akamtia kila mmoja kwenye bilauri ya maji, akazipanga juani na kungoja vijidudu vitoke. Kazi yake ya pili ilikuwa kuomba watu choo, kimefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Mzee mmoja wa Minago, kwa uchoyo, akaleta cha mbuzi wake. Mji mzima ukasimulia kwamba dokta alimkuta mzee ana mimba ya mapacha.

"Jua likiwa utosini msikanyage kwenye matete," Hyacinthe aliwaonya. "Vijidudu vinapenya ngozi. Piteni penye mchanga na mawimbi."

"Dokta, na samaki nao utawavalisha viatu?" wavuvi walimjibu.

Mwaka huo wa 1972, ulipofika mwezi wa tano, hakuna aliyecheka tena. Kwanza zilikuja fujo, watu wakauawa, nyumba zikaungua. Wakafuata askari. Kisha habari zikateremka kutoka Bujumbura, watu wakazisema bila kufungua midomo sana: wanafunzi wa kabila la Hyacinthe wanaitwa majina, wanapanda lori, na lori linarudi tupu. Sokoni wauzaji walipanga ndagala, dagaa wa ziwa hilo, bila kuita mteja. Mbwa waliacha kubweka, au labda mbwa wenyewe walikuwa wamekwisha hama.

Hyacinthe aliendelea kuchungulia konokono.

"Imebaki miezi miwili tu, mama," alimwambia Fatuma. "Nikiondoka sasa, mwaka wote umepotea."

"Kuna gari limesimama kwa mwalimu Léonard. Wamemchukua na chaki mkononi. Kwa nani watakuja sasa, kwa kuku wangu?" Fatuma akamtupia kanzu kuukuu na kofia. "Vua hayo mabuti. Leo wewe ni Bakari, mutoto wa dada yake Athumani. Unabeba mawese, unapeleka Minago. Mukifika katikati ya ziwa, Minago itahamia Kongo."

Akavua. Miguu yake ilikuwa myeupe kama mihogo iliyomenywa, Fatuma akaipaka udongo huku akinung'unika kwamba hajapata kuona miguu ya kitajiri namna hii kwa mtu asiye na kitu.

Ufukweni, saa sita kamili mchana, askari mmoja alikaa juu ya pipa, bunduki mapajani. Mtumbwi ulikuwa nyuma ya matete, Athumani tayari ndani.

"Amahoro," alisalimu askari.

"Amahoro, shefu," alijibu Fatuma. "Huyu ni Bakari, mupwa wa mume wangu. Iko mawese ya Minago tu."

Hyacinthe, begani dumu la mawese, bido kama walivyoliita, akafika ukingoni. Na hapo miguu ikamsaliti. Maji yalikuwa yametulia, ya vuguvugu, na kwenye mashina ya matete aliwaona, konokono wake, wamejibandika kwa mamia. Mwili wake ukageuka wenyewe, ukaanza kuzunguka kuelekea kwenye mchanga.

"Ewe!" Askari akainuka. "Mupwa wa mwenye mutumbwi anaogopa maji?"

Fatuma akapiga makofi, akacheka kicheko cha kumaliza pumzi.

"Shefu, usimucheke! Huyu mamba alimumeza pale pale. Akamuchukua mpaka Kabonga, tumboni humo humo, siku tatu! Mamba ndiye alichoka. Huyu kijana alikuwa analia usiku tumboni, anaomba chumvi. Mamba akamutapika mbele ya msikiti!"

Askari alimtazama mwanamke, akamtazama kijana. Mdomo wake ukacheza kidogo.

"Basi apite hapo hapo kwenye matete," alisema. "Amusalimie."

Hyacinthe akaingia. Maji yakampanda magotini, yakafika kiunoni, na kanzu ikaelea kumzunguka. Alijua kabisa kinachoogelea humo, angeweza kukichora. Hakuharakisha. Akalipakia bido, akapanda, Athumani akasukuma.

Wakiwa mbali kidogo, sauti ya askari ikawafikia juu ya maji, tulivu kama ya mgeni aliyekuja kula.

"Na yule munafunzi anayelala kwako, mama?"

"Amepanda milimani, Bugarama, na baiskeli. Atarudi jioni."

"Vizuri. Tutamungojea kwako."

Hyacinthe aliona askari wawili zaidi wakitoka nyuma ya vibanda. Fatuma akawatangulia njiani kuelekea nyumbani, hakugeuka, mikono yake bado ikipepea hewani, labda katika hadithi yake mamba alikuwa amefika Kongo sasa.

"Turudi," alisema Hyacinthe. "Baba Athumani, turudi. Jioni itafika na mimi sitafika."

Kasia halikusita.

"Ukirudi, umemufanya muongo," alisema Athumani. "Na wewe watakuchukua, na yeye watamuchukua. Shika kasia hilo jingine."

"Ni mke wako!"

"Najua ni mke wa nani."

Hyacinthe akashika kasia, akaupa ufukwe mgongo. Athumani alipiga maji macho yake yakiwa ufukweni, juu ya bega la kijana, na kila alipoona kitu kule alipiga kwa nguvu zaidi, wala hakusema ameona nini.