Sikio la Bwana Harusi

Kinyozi ndiye aliyeharibu mambo. Aymen alipokwenda Sfaksi kuposa, nywele zilimfunika hadi shingoni, na kama angebaki nazo, Bi Monjia angemwoza binti yake kwa roho nyeupe kabisa. Lakini kijana alinyolewa Ijumaa kwa ajili ya ndoa ya Jumapili, akaenda na mama yake kituo cha treni cha Tunis kuwapokea wageni wao, akainama kumbusu mama mkwe kichwani. Hapo Bi Monjia akaona, mbele ya sikio lake la kushoto, kinyama kidogo kama punje ya dengu.

Mkoba ukamponyoka. Yosra, binti yake, akacheka, akasema mama kachoka na safari.

Hakuchoka. Alikumbuka. Enzi Yosra alipokuwa mchanga, marehemu mumewe alifanya kazi ya reli hapo Tunis, nao walipanga chumba mtaa wa Halfawini. Bi Monjia siku hizo alikuwa na maziwa ya kutisha. Majirani waliapa kwamba akipita mbele ya duka la maziwa, mwenye duka hufunga akaenda zake kulala, na paka wa mtaa mzima humfuata nyuma kama askari wanavyomfuata jemadari. Basi Alhamisi moja, ndani ya hamamu, nyumba ya kuogea ya mtaa yenye mlango mwekundu, mvuke umetanda mtu haoni hata kidole chake, mhudumu akamtupia mtoto mapajani. Mama wa mtoto kazimia kwa joto, kalazwa chumba cha nje, na mtoto analia kutaka kupasua kuba. Bi Monjia akampa ziwa. Alipomfuta jasho, vidole vyake vikagusa kinyama mbele ya sikio. Kisha mtoto akachukuliwa. Hakujua wa nani, wala hakuuliza. Nani huuliza?

Nasi huku tunamfuata Imamu Malik, ambaye kwenye jambo hili la kunyonya hahesabu mara. Funda moja likishuka tumboni limeshuka. Aliyenyonya ni mwanao, na binti yako ni dada yake, haramu kwake kama dada wa tumbo moja. Kwa hiyo Bi Monjia alitoka kituoni pale akiwa ama kapata mkwe, ama yu njiani kuwaoza ndugu wawili.

Alijiambia kwamba masikio ya namna hiyo ni mengi duniani. Akaamua kupeleleza kwanza, kisha aseme.

Jumamosi Aymen alikuwa ameipanga mwenyewe: siku ya kuutembea mji wa kale kwa miguu, bila haraka, kama mabwana wa zamani waliokuwa na watumwa wa kuharakisha kwa niaba yao. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imeosha vichochoro, na makomamanga yalipasuliwa juu ya mikokoteni kila kona. Wachumba walitangulia, wakiacha kati yao nafasi ya kupita punda. Nyuma walifuata mama wawili, Bi Monjia na Bi Beya, mama wa Aymen, mjane kama yeye, mnene, mwenye ulimi wa wembe.

"Tembea, dada," Bi Beya akamwambia. "Nyinyi watu wa Sfaksi hata hatua mnaziwekea akiba."

Bi Monjia akacheka kwa adabu, kisha akasema angependa kupitia Halfawini, auone mtaa wake wa zamani. Bi Beya akajibu haraka kwamba barabara ya huko imechimbwa yote, mtu hapiti hata akiwa mjusi. Wakashika njia nyingine. Baada ya msikiti mkuu Bi Monjia akapinda kulia, kama mtu aliyepotea. Bi Beya akamshika mkono akampinda kushoto, kwamba lazima waone mafundi wa kofia nyekundu. Walipomaliza kofia, Bi Monjia akavutwa na harufu ya mkate iliyotoka, kwa bahati tu, upande wa Halfawini. Bi Beya akaumwa goti papo hapo. Aymen, aliyekuwa akieleza habari za kila mlango kwa furaha, hakuelewa kwa nini matembezi yake yamekuwa kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja.

Wakaketi kunywa chai yenye njugu za msonobari. Wachumba walikuwa wakibishana juu ya rangi ya mapazia. Bi Monjia akaona heri aulize.

"Bi Beya, huyu Aymen ulimnyonyesha mwenyewe?"

Glasi ya Bi Beya ikasimama njiani, haiendi mdomoni wala hairudi mezani.

"Kwani nani angemnyonyesha?" akasema. "Mbuzi?"

Akacheka kwa sauti, lakini macho hayakucheka. Bi Monjia akauliza siku zile walikuwa wakioga hamamu ipi. Bi Beya akasema wao walikuwa na bafu nyumbani. Bafu, katika nyumba ya mji wa kale, miaka ile! Hata wakubwa waliokuwa na farasi na tarumbeta walikuwa wakijibebea ndoo kwenda hamamu. Hapo Bi Monjia akaacha kulihofia sikio, akaanza kumhofia mama wa mwenye sikio.

Jioni, walipokuwa wakirudi, Yosra alimshika mama yake kiuno akamnong'oneza kwamba akifa leo asililiwe, kwa kuwa keshapata sehemu yake ya dunia. Bi Monjia alisema amina.

Jumapili asubuhi, wanaume wa ukoo wakiwa wameshapanda treni kutoka Sfaksi kuja kuozesha, na ndoa ikingoja alasiri, alisema anakwenda kununua mkate. Alikwenda Halfawini. Barabara haikuchimbwa hata kwa kijiko. Mlango wa hamamu ulikuwa mwekundu vilevile, na kwa kuwa asubuhi ni zamu ya wanaume, hapakuwa na mwanamke karibu, isipokuwa mmoja aliyeketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mbele, kajitanda shuka jeupe.

"Kaa," Bi Beya akasema. "Mguu wa watu wa Sfaksi kweli mzito. Nimekungoja sana."

Bi Monjia akakaa. Bi Beya akasimulia akitazama mlango ule. Alipozinduka siku ile, mhudumu alimwambia mwanao kashiba, kanyonyeshwa na mwanamke wa Sfaksi. Basi. Jina hakupewa. Aymen alipoleta habari za mchumba kutoka Sfaksi, yeye alijituliza kwamba Sfaksi si kijiji. Lakini Ijumaa, mkoba ulipoanguka kituoni, hakulala. Leo kaja kumsihi yule mhudumu afunge mdomo. Majirani wamemwambia kafa zamani.

"Tumebaki wawili, mimi na wewe," akasema. "Lilikuwa funda moja tu, dada yangu."

"Alinyonya mpaka akalala," Bi Monjia akasema. "Ziwa la kushoto, kisha la kulia."

Bi Beya akamkamata mikono yote miwili. Ulimi wa wembe ukawa umelainika kama nta. Akasema Mungu ni mwenye kusitiri, na wao ni nani wafunue. Akasema watoto hawakujua, na asiyejua hana dhambi. Akasema wanapendana.

Msidhani ilikuwa rahisi kwa Bi Monjia. Alilipima neno hilo la kunyamaza, akaliona lina uzito wa manyoya, mtu angeweza kulibeba mpaka kaburini bila kuhema. Ndoa alasiri, treni jioni, na Yosra akicheka. Alikuwa amekwisha fungua kinywa kusema haya, iwe siri.

"Kila mjukuu atakayezaliwa," akajisikia akisema, "mimi nitakuwa wa kwanza kumshika sikio. Na wewe utakuwa unanitazama."

Bi Beya akaiachia mikono yake. Alilia kidogo, bila sauti. Halafu akasema, basi useme wewe, mimi siwezi.

"Nitasema mimi. Wote wawili wanangu."

Waliwakuta uani, Yosra akijaribu viatu, Aymen akitundika taa. Bi Monjia alisema yote akiwa amesimama. Yosra alicheka kwanza, maana mama yake alikuwa na hadithi nyingi za maziwa yale. Kisha akamtazama Bi Beya, na kicheko kikakatika. Aymen alishuka ngazi, mkono sikioni, akaketi kwenye kipandio cha mwisho kama mzee.

Wanaume wa Sfaksi walipigiwa simu njiani; wakashuka Susa, wakala samaki, wakarudi kwao. Jioni Aymen aliwabebea Bi Monjia na Yosra mizigo mpaka kituoni. Hakuna aliyemwambia abebe, hakuna aliyemkataza. Alimbusu Bi Monjia kichwani, kama Ijumaa, ila safari hii alikawia. Behewa lilikuwa juu, akamnyooshea Yosra mkono ampandishe. Mkono ule sasa angeweza kuushika mbele ya kadhi na mbele ya umma wote. Yosra akautazama, akapanda kwa kushika chuma cha mlango.

Treni ilipouacha mji, alikuwa bado amegeukia dirishani.

"Alikuwa analia sana?" akauliza.

"Sana," Bi Monjia akasema. "Nisingeweza kumwacha."