Mabati Kumi na Manane

Ti. Kimya. Halafu ti, tena.

Félicité hakuhitaji taa kujua tone limeangukia wapi. Sufuria ndogo ikilia hivyo, ni lile tundu la karibu na mlango; likilia bakuli la plastiki, ni kule pembeni penye gunia la unga. Alinyoosha mkono gizani akapapasa kifua cha Vicky, binti yake wa miaka minne, akasikia pumzi zinavyokwaruza ndani kama mchanga unaochekechwa. Akamsogeza upana wa kiganja kimoja kuelekea ukutani, pale palipobaki pakavu.

Kiganja kimoja. Hicho ndicho kilichosalia cha pakavu katika nyumba yao ya Kabondo, mjini Kisangani. Paa lilikuwa la majani ya ndele yaliyozeeka hadi yakawa meusi, na mume wake Dady, aliyebeba watu kwa toleka, ile teksi ya baiskeli, alikuwa amelibandika vipande vya mifuko mpaka akakosa pa kubandika. Muuguzi wa dispansari naye alikuwa amesema neno la mwisho: "Dawa nitakupa, mama. Lakini huyu mutoto alale pakavu. Bila hiyo, mimi na wewe tunacheza tu."

Ndiyo maana Félicité alikwenda Pa Mabati.

Jina la kweli lilikuwa Shirika Makao Yetu, limeandikwa kwa rangi ya buluu kwenye mlango wa chumba kimoja nyuma ya parokia, lakini wanawake wa Kabondo hawakuwa na muda wa jina refu. Aliyewapokea ni Mama Adeline Kaswera, mwanamke wa Butembo aliyewaachia wadogo zake duka la vitenge akaja kuwafundisha wenye kidogo namna ya kukishika hicho kidogo. Hakumhutubia Félicité. Alimpa makopo mawili ya maziwa na konzi moja ya maharagi.

"Kila ukinunua kitu cha kupika ile mikate yako ya kuuza, tupa haragi moja humu. Ukinunua kitu kingine, tupa katika hili la pili. Wiki nzima. Na usidanganye kopo. Kopo haliwezi kukasirika, lakini mimi ninaweza."

Félicité, aliyekuwa mwaka wa pili wa masomo ya jioni na daftari lake halimtoki kwapani, alitabasamu. "Mama Adeline, mimi najua kuandika."

"Bon. Andika. Na haragi utupe."

Wiki ilipokwisha, walimwaga makopo mezani. Mama Adeline, akifuata daftari la Félicité, akatenga maharagi saba kwa ncha ya kidole. "Haya yote ni mafuta ya mawese. Mara saba umenunua kichupa, mara saba umemlipa muuzaji kichupa chake. Bidoni moja, dumu dogo tu, ingekufikisha Jumamosi, na ungebakiwa na pesa ya sabuni."

Félicité aliyatazama maharagi yale saba mpaka macho yakamwasha. Miaka mitatu alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakaanga, anauza, anarudi mikono mitupu, akidhani kuna mkono wa mtu. Kumbe maharagi saba tu. Alirudi nyumbani akitembea taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe ambacho hakuwahi kukifungua.

Kisha Mama Adeline alimwingiza katika kundi la akiba; walikuwa wanawake kumi. Kila mwezi kila mmoja alitoa fungu lake, na siku ileile pesa ikaenda kununua mabati, kwa sababu ilikuwa vita, na Mama Adeline hakuziamini noti. "Franka hizi ukizilaza usiku, asubuhi unazikuta zimekonda. Bati haliko vile." Kwa kila bati walilonunua, shirika liliongeza moja. Tisa na tisa, kumi na manane: nyumba ya mwenzao mmoja. Zamu walipanga kwa kura. Félicité alitia mkono kwenye kofia akatoa kikaratasi chenye namba kumi. Ya mwisho.

"Pole, Mama Vicky," alisema Ya Colette, dada yao mkubwa kwa umri, muuza samaki mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Lakini wewe ndiye utacheka wa mwisho."

Ugomvi ulikuwa mmoja tu, na ulirudi kila mwezi: baraza. Mama Adeline alikuwa amepima. Vyumba viwili vilitaka mabati kumi na sita. Mawili yaliyozidi alitaka yauzwe, pesa iwekwe kwa ajili ya siku mbaya. Wanawake hawakutaka kusikia. Nyumba bila kivuli mbele ya mlango, nani ataingia?

"Chumba ndicho kinachowalaza watoto," Mama Adeline alisema. "Baraza linalaza nini?"

"Linalaza aibu, Mama Adeline!" alidakia Ya Colette. " Mukwe wangu akija nimukalishe wapi, kitandani?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na kila nyumba ikapata baraza. Mama Adeline aliandika katika daftari lake, mbele ya kila jina: mabati mawili, hasara.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita, mwaka wa elfu mbili, zamu ya kumi ilifika. Dady aliyaleta mabati kwa toleka yake kwa safari tatu, akaandika kwa msumari kwenye kila moja: Mama Vicky. Yaliwekwa katika depo nyuma ya nyumba ya Mama Adeline, yamngojee fundi Faustin aje Jumatatu.

Jumatatu yakaja mabomu. Majeshi mawili ya wageni yaligombania mji usio wao, na kwa siku sita watu wa Kisangani walilala kwa matumbo, magodoro juu ya migongo, bila maji, bila umeme. Félicité alimfunika Vicky kwa mwili wake wote, akawa anahesabu pumzi za mtoto badala ya milipuko, kwa sababu hesabu aliyoijali ilikuwa hiyo.

Siku ya saba alikimbia kwa Mama Adeline. Depo haikuwapo. Bomu lilikuwa limeangukia pale, na hakuna aliyejua limetoka upande gani. Mabati yake yalikuwa yamejikunja, meusi, yameshikana. Kwenye moja bado yalisomeka maandishi ya msumari: Mama V.

Mama Adeline alikuwa ameketi juu ya tofali, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. "Nimewauliza wakubwa wa shirika kwa redio ya parokia," alisema bila kuinua uso. "Hakuna kitu mpaka mwaka uishe. Mimi ndiye niliyesema ya akiba. Akiba iko wapi?"

Félicité alichuchumaa mbele yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nirudishe makopo?"

"Usirudishe kitu, binti yangu."

Wiki mbili zilipita. Kikohozi cha Vicky kilikuwa kimeshuka chini, kikawa hakitoki vizuri. Mvua kubwa zilikuwa njiani. Félicité alizisikia katika harufu ya udongo. Aliendelea kukaanga mikate, aliendelea kutupa haragi, na kila haragi lilipogonga kopo alisikia ile ti ya sufuria.

Jumamosi moja, mchana, ngurumo zilianza. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Watu barabarani walijitupa kwenye mitaro. Mwendesha toleka mmoja aliacha baiskeli na abiria juu yake. Félicité alimbeba Vicky akakimbilia mlangoni, na hapo akasimama.

Walikuwa wanakuja. Wanawake tisa, kwa mstari mmoja, kila mmoja na mabati mawili kichwani, na mabati yalikuwa yakipigapiga kwa kila hatua na kunguruma. Jua liliyachoma mpaka hayakutazamika. Ya Colette alikuwa mbele.

"Inukeni ndani ya mitaro, ninyi!" alipiga kelele. "Bomu gani linatembea na viatu vya plastiki?"

Watu waliinuka wamejaa vumbi, wakacheka kwa mara ya kwanza tangu vita, na wengine walikuwa wanalia.

"Ya Colette," Félicité alisema. "Mabati haya... mumeyatoa wapi?"

"Mabaraza." Colette aliyashusha chini, akafuta shingo. "Nyumba tisa, mabaraza tisa. Watoto wetu wanalala pakavu. Mukwe wangu atakaa na mvua, alors? Ni mutu mukubwa."

Félicité alitaka kusema asante, akaliona neno hilo ni dogo. Aliyatazama mabati yale: moja lina kutu, moja jipya, moja limeshika moshi wa jiko la mwenyewe, na mawili ya Colette yenye matundu ya vipande vya bomu. Dady alikwishayaona matundu hayo. Alipiga magoti, akafungua kile kiboksi chake cha kuziba matairi, akaanza kukata raba.

Fundi Faustin alipanda. Nyundo ililia hadi alasiri. Mama Adeline alifika bila kuitwa, akasimama uani na daftari lake, akihesabu kwa midomo. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Paa lilikuwa limefungwa, na mabati mawili yalikuwa bado chini, yameegemea ukuta.

Wote walimtazama yeye.

"Nini?" alisema Mama Adeline. "Munanitazama nini?" Kisha akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akapiga mstari juu ya neno hasara, mara tisa, jina kwa jina. "Faustin! Weka baraza. Mukutano wa kundi utakuwa hapa. Kwingine kote hamuna tena pa kukaa."

Vigelegele vilimfanya Faustin ashike ngazi kwa mikono miwili.

Baraza lilipokwisha, mvua iliwahi kabla Faustin hajamaliza kuteremka. Waliingia ndani wote, wanawake kumi na mmoja, fundi mmoja na Dady, wamebanana bega kwa bega katika vyumba viwili, nyuso juu. Mabati yalinguruma mpaka mtu hakusikia sauti yake mwenyewe, na kila mmoja alitafuta mabati yake mawili kule juu na kuyatazama yakifanya kazi. Félicité alingoja tone. Alingoja watu wote walione, naye aone haya. Halikuja.

Vicky aliteremka kutoka mgongoni kwake. Alipita kati ya miguu ya wakubwa hadi penye sufuria ndogo, iliyokuwa imewekwa mahali pake pa siku zote karibu na mlango, akainama, akatia mkono ndani, akautoa. Akautazama mkono. Ngurumo za paa zilikuwa zimepungua kidogo, na kila mtu alimsikia.

"Mama, mvua iko inje."