Vitambaa Vyeusi vya Kocha

Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni. Manyunyu yalianza kabla sijaamka, na mlango wa duka langu la ushonaji ulikuwa umevimba kwa unyevu hata nikausukuma kwa bega. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba bitana yangu nyeusi, kile kitambaa cha kuwekea ndani ya makoti, imekatwa.

Aliyeikata hakuwa na haraka. Alitumia mkasi wangu mkubwa, akatoa vipande virefu vya upana wa vidole vinne. Ufunguo wa pili wa duka anao mtu mmoja tu, binti yangu.

"Umechukua bitana yangu?" nilimuuliza jioni, tukila.

"Ya nini, mama?"

"Hicho ndicho ninachokuuliza."

"Labda panya."

"Panya wangu siku hizi wanatumia mkasi?"

Hakucheka. Wenzake wanamwita Twiga kwa urefu wake, na ni mtoto wa kucheka hata kanisani. Siku hiyo alikula kwa mkono mmoja, wa pili akauficha chini ya meza. Nilipomwambia auoneshe, alisema ana kazi ya shule, akaondoka na sahani yake.

Kesho yake nilimweleza jirani yangu msusi, maana duka lake na langu yanatenganishwa na ubao tu.

"Ni yule kocha wa timu ya binti yako ya mpira wa kikapu," alisema bila kuacha kusuka. "Mimi nilikwambia tangu siku ile."

Siku ile ilikuwa wiki mbili nyuma. Kocha alileta jezi kumi na mbili, akataka namba za mgongoni nizizungushie uzi mnene, mshono uinuke. Alipozichukua alizipapasa moja moja kwa vidole huku akitabasamu peke yake. Halafu akageukia sanamu yangu ya kuvalisha nguo, akaiaga: "Haya dada, kazi njema." Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili.

"Saa nne asubuhi mtu keshapiga mtungi," msusi alisema. "Na huyo ndiye mliyemkabidhi mabinti."

Nilimwambia asimsengenye mtu. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia.

Mimi husoma masomo ya jioni kwenye shule hiyohiyo ya binti yangu, darasa la watu wazima, kuanzia saa kumi na mbili. Alhamisi nilifunga duka mapema, nikapita upande wa ukumbi wa michezo. Madirisha yalikuwa yamebandikwa magazeti kwa ndani. Moja lilikuwa limebanduka pembeni, nikaweka jicho.

Wasichana kumi na wawili walikuwa wamefungwa macho kwa bitana yangu. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja alipiga kofi kwa viganja vyake, mpira ukarushwa kufuata mlio, ukadakwa. Kofi jingine, mpira ukaenda tena. Kocha alikaa kwenye kiti akiwa ameelekea ukutani, amewapa mgongo, kichwa amekiinamisha kama mtu anayeomba, ila sikujua anamwomba nani. Mara mpira ulimgonga binti yangu mkononi. Alijikunja kwa maumivu, akauma mdomo. Kocha hakugeuka.

Walipomaliza, wenzake wakatoka. Binti yangu akavua kitambaa, akaenda kwa kocha, akamshika mkono. Wakatoka kwa mlango wa nyuma wakitembea taratibu, taratibu, kama watu wasiotaka kuachana.

Darasani mwalimu aliandika hesabu za sehemu ubaoni na mimi sikunakili hata moja. Niliomba kimoyomoyo: Bwana, kama ninamsingizia mtu, nifunge mdomo. Kama ni kweli, nifungue. Nilirudia ombi hilo mpaka kengele ikalia, na mdomo wangu sikuuona ukifungwa.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Alinisikiliza, akavua miwani, akaita kikao cha wazazi Jumatatu saa kumi, palepale ukumbini. Mwisho wa wiki wote binti yangu hakunisemesha. Aliniambia jambo moja tu: "Mama, utaharibu kila kitu, na fainali ni Jumamosi ijayo."

"Kila kitu ni nini?"

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Jumatatu tulikuja wazazi tisa. Wasichana walikaa sakafuni, kocha kwenye kiti chake. Mwalimu mkuu akasema mama mshonaji ana neno. Nilisimama, nikayasema yote: magazeti dirishani, macho kufungwa, mlango wa nyuma. Baba mmoja aliguna. Nahodha wa timu alinitazama kama nimemtemea mate.

Nikatoa kipande cha bitana nilichokikuta chini ya godoro la binti yangu, nikakinyoosha mbele ya kocha.

"Hiki unakijua?"

Alinyoosha mkono kukipokea. Mkono ukapita pembeni, kama shubiri moja, ukashika hewa.

Nimeshona miaka kumi na tisa. Wateja wangu wengi ni wazee wanaoniletea sindano niwatungie uzi, na mkono wa namna ile naujua. Nikakumbuka uzi mnene wa namba. Nikakumbuka sanamu yangu ilivyoagwa.

"Kocha," nilisema, "nimeshika nini?"

"Kitambaa," nahodha alinong'ona.

"Sikukuuliza wewe, mwanangu. Namuuliza yeye."

Alishusha mkono. "Sijui, mama. Sioni. Mwanga naupata kidogo, sura za watu hapana. Ni mwaka wa pili huu."

Akaendelea, sasa ameelekea mahali sauti yangu ilikotokea. Alisema alianza kuwafunga macho ili awafundishe kwa njia aliyobaki nayo, kusikia, na akashangaa kuona wanaanza kushinda. Magazeti waliyabandika wao, ili siri isitoke. Binti yangu ndiye aliyekuwa akimshika mkono hadi kituo cha basi.

Ningeweza kulia, lakini hasira ilikuwa bado ipo.

"Twiga, onesha mkono."

Safari hii alionesha. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba, rangi yake ya bilinganya.

"Tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

"Hukuniambia," kocha alisema polepole.

"Tulikubaliana tusikwambie baya lolote, Kocha," binti yangu alijibu. "Ungeacha."

Kocha akafunika uso kwa viganja. Mwalimu mkuu alisema kidole kiende hospitali leo, na kwamba hawezi kuacha watoto chini ya mtu asiyewaona wakiumia. Wasichana wakaanza kulia. Akawanyamazisha kwa mkono, akatugeukia wazazi: "Labda akae mtu mzima mwenye macho, kila siku ya mazoezi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Nani?"

Wazazi wakatazama viatu vyao. Mmoja akatazama simu.

Mimi sikuwa nimemwamini bado yule mtu. Alikuwa amewaachia watoto wabebe siri nzito kuliko umri wao, na hilo halikufutika kwa sababu ya macho yake. Lakini niliomba nifunguliwe mdomo, ukafunguliwa, na sikuona ni kwa nini ufungwe sasa.

"Mimi," nilisema.

"Na duka, mama?" binti yangu aliuliza.

"Duka litafungwa saa tisa na nusu." Nikamgeukia kocha, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote, kila siku ya mazoezi nitakaa kwenye kiti pembeni yako, nikwambie ninachokiona. Mtoto akiumia nitasema, awe wangu au wa mwenzangu, hata dakika ya mwisho ya fainali. Na magazeti yale nitayabandua mwenyewe leo."