Actually ya Bwana Leodgar

Bwana Leodgar alikuwa afisa, alitokea Musoma kwa Landrova, na hakuweza kumeza mate bila kusema "actually". "Actually, habari za asubuhi." "Actually, naomba maji ya kunywa." Alikaa ng'ambo miezi sita kusomea maendeleo, na kwa jinsi nilivyomsikia, neno hilo moja ndilo alilorudi nalo.

Ilikuwa Julai 1974, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi Clementi, mwalimu wa shule ya msingi huku Bunda, niliitwa kumtafsiria mkutanoni kwa lugha yetu, maana wazee wetu wengi Kiswahili chao kilikuwa cha mnadani tu. Kazi hiyo niliifurahia, sifichi. Nilivaa hadi soksi.

Shangazi yangu Eufrasia, mjane, alikuwa na ekari tatu za pamba iliyokwisha kufunguka, haijachumwa hata robo. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake ya mwaka mzima. Akasimama, akauliza kama ataachiwa aichume kabla ya kuhama.

"Actually," akasema Bwana Leodgar, "nani atamhamisha mtu pamba yake ikiwa bado shambani? Mna wiki tatu."

Nikatafsiri wiki tatu. Mzee Ngolo, ambaye hapitwi na jambo, akanibana. "Mwalimu, hilo neno la mbele unalirukaga kila mara. Lina maana gani?"

Ningesema halina maana, ni kikohozi cha wasomi, yangeishia hapo. Lakini watu mia mbili walikuwa wananitazama, na neno nilikuwa nimelisoma kwenye kamusi. Nikajibu, "Ni kusema kweli tupu. Mtu akilitanguliza, nyuma yake hakuna uongo."

Watu wakaguna kwa heshima. Kwetu, mtu akiapa mbele ya wazee, neno lake halihojiwi tena, na huyu mgeni kumbe anaapa hata akiomba maji. Jioni kilabuni Mzee Ngolo alikuwa ameshalichukua: "Akchwali, mimi nilikuwaga mzuri wa sura." Tulicheka mpaka machozi.

Jirani yake shangazi, Burito, hakuhudhuria mkutano, kwa hiyo hakuwa na kiapo cha kumtuliza. Aliwapeleka wake zake na watoto shambani, wakachuma kutwa, siku tatu mfululizo. Shangazi aliwacheka. Yeye alichuma polepole, akitenga pamba safi huku na chafu kule, kama mtu mwenye wiki tatu.

Siku ya nne mgambo walikuja na lori. Wakaezua paa la shangazi, wakapakia vyungu, kuku na yeye mwenyewe. Nikamkimbilia Bwana Leodgar, nikamkumbusha ahadi yake.

"Actually, mwalimu," akasema bila haya, "ile ilikuwa namna ya kuwatuliza."

Wiki iliyofuata nilipita shambani kwake. Ng'ombe walikuwa wamekula kila kitu, wamebakiza miti mitupu.

Nikaenda kijiji kipya kumpa pole shangazi. Alikuwa amekalia gunia lake moja la pamba, mbele ya miti minne iliyoandikwa kwenye daftari la kijiji kuwa ni nyumba. Nikaanza kumtukana Leodgar, yeye na ukoo wake wote. Shangazi akaninyamazisha kwa mkono. Tangu nizaliwe alikuwa akiniita baba.

"Yule simjui, mwalimu," akasema. "Maneno yake hata sikuyaelewa. Mimi nilikusikia wewe."